Swali la Aneth

Siku yangu ya kwanza nyanjani nilifukuzwa mara mbili kabla jua halijakaa sawa: kwanza na mbwa, halafu na bibi mwenye mbwa. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, begani nina mkoba wenye mizani ya kupimia watoto, kipimo cha presha na bunda la madodoso, na nadhani kwa mbali, nikitokeza katikati ya migomba, nilionekana kama mtu aliyetumwa kupima ardhi ya watu. Bibi alinisikiliza kidogo, akasema mzazi wake, mkwe aliyejifungua juzi, amelala na haamshwi kwa ajili ya makaratasi. Nikarudi barabarani viatu vimejaa tope, nikijiuliza kwa nini niliacha wodi ya wazazi, ambako angalau akina mama walikuwa wanakuja wenyewe.

Nimestaafu juzi tu, na ninyi wadogo zangu mliobaki na mikoba mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi yalivyokuwa. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havitoshi kujaza ukurasa. Nitaandika nilichojifunza, na zaidi nitaandika habari za Aneth, ambaye mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina lake nimelibadilisha.

Nilianza kama muuguzi mkunga. Wauguzi tunaitwa sista, na kwa kuwa mimi ni Mkatoliki wa Kibosho ninayeitwa Apolonia, wapo waliodhani ni mtawa, hadi waliponiona na ujauzito. Baadaye nikachukuliwa kwenye utafiti uliokuwa unawafuatilia akina mama wa Moshi na vijiji vya mlimani tangu mimba hadi mtoto aanze kutembea. Tuliuliza amejifungulia wapi, nani alimpokea mtoto, anakula nini, analala vipi. Tulipima presha, tukampima mtoto uzito. Mwisho kabisa kulikuwa na sehemu ndogo ya hali ya moyo: kama analia bila sababu, kama ana hofu, kama amewahi kutamani kujidhuru. Wengi wetu tuliiona kama sehemu ya kumalizia haraka kabla mvua haijashuka.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Mmari, mwenyeji wa Machame, mwanamke mrefu asiye na haraka. Aliposikia nimefukuzwa, alinirudisha kwa bibi yuleyule kesho yake. Alimpa shikamoo, akauliza habari za ng'ombe, akauliza kama kahawa imeshika maua, akakubali kikombe cha maziwa, akanywa chote. Mkoba ulibaki mlangoni. Bibi mwenyewe ndiye aliyeuliza mwishoni kama hatukuwa tumekuja kumwona mzazi. Tukirudi, Mama Mmari aliniambia kwamba kila nyumba ya mzazi ina mwenye mlango, na mara nyingi mwenye mlango si yule unayemtafuta. Akaongeza jambo la pili, ambalo nimewarudia ninyi mpaka mkachoka: uliza, kisha nyamaza. Ukimsaidia mama kujibu, umejihoji mwenyewe.

Kwa wale mliotoka mikoa mingine, kwetu mama akishajifungua hupumzishwa. Kwa miezi kadhaa hakati majani ya ng'ombe, hachoti maji, hainuki kupika. Anakaa ndani na mtoto wake, anapikiwa mtori wa ndizi, supu na maziwa, na mama mkwe hupimwa heshima yake kwa jinsi mzazi atakavyotoka akiwa amenawiri. Ni desturi nzuri; nami nilipumzishwa, na hadi leo nikiikumbuka natamani kuzaa tena, kisha nakumbuka umri. Ila kwa mtafiti ina ugumu wake, kwa sababu mzazi haachwi peke yake na mgeni. Nilimuuliza mama mmoja kama analala vizuri, bibi akajibu analala. Nikamuuliza kama ana hamu ya chakula, bibi akajibu anakula. Nilipomuuliza kama ameanza kulala na mume wake, bibi akakumbuka ana sufuria jikoni, na hapo ndipo mahojiano yalipoanza.

Lugha nayo. Watu husema Wachagga wana lugha moja. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa mtu wa Kibosho anayemhoji mama wa Rombo. Hata Machame, ambako si mbali na kwetu, Kichagga changu kiliwachekesha wazee hadi wakafuta machozi. Siku ya soko Sanya Juu hukumkuta mtu nyumbani. Ulimhoji mama nyuma ya meza ya nyanya, kati ya mteja na mteja. Mabogini, chini kwenye mashamba ya mpunga, hakukuwa na kupumzishwa kwingi. Mama alirudi majini mapema, mtoto mgongoni, mbu wakimfuata.

Mabogini ndiko nilikopata hofu ambayo haijanitoka. Mama mmoja aliyejifungua siku chache nyuma, mzima wa afya, aliniambia kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilimpima presha, nikaona namba ambayo sikuitaka, nikapima tena, nikadhani kipimo kimeharibika, nikajipima mwenyewe. Kipimo kilikuwa kizima. Tulimpakia kwenye gari la kubebea mpunga tukamkimbiza hospitali, na alianza degedege tukiwa tayari getini. Alipona. Lakini nilielewa siku ile kwamba watu wengi huacha kumwogopea mama mara mtoto anapolia, na kumbe hatari haijaondoka. Tangu hapo sijawahi kumpima mama presha bila yangu kupanda.

Miaka ikaenda, Mama Mmari akastaafu akawa anafuga ng'ombe wake, na makaratasi yakaondoka vikaja vishikwambi. Kishikwambi hakikukuruhusu kuruka swali, na kwenye sehemu ya hali ya moyo kilijumlisha chenyewe. Mama akiwa salama kilionyesha alama ya kijani. Akiwa hatarini kilionyesha nyekundu, nasi tulimpigia simu mratibu na mama akapelekwa kliniki. Wote tulipenda kile kijani. Kilikuruhusu kwenda nyumbani ukiwa na moyo mwepesi.

Aneth nilimkuta wakati wa masika. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa Machame, karibu na msitu, kihamba kizuri cha migomba na kahawa, ng'ombe zizini. Mume wake, Elibariki, alikuwa anaongoza wageni mlimani na hakuwepo. Mama mkwe, Bibi Haikaeli, mjane na mzee wa kanisa wa usharika wao wa Kilutheri, alinipokea kwa bashasha, akanionyesha mtoto wa kike aliyenona, akanionyesha na sufuria. Hakika mzazi yule alikuwa anatunzwa.

Aneth mwenyewe alikuwa ametoka Mabogini, kwa wazazi waliohamia kulima mpunga kutoka mkoa mwingine. Hakujua Kichagga. Mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa yanampita kama mvua juu ya bati: anaisikia, haimlowanishi. Aliniambia hivyo akitabasamu. Nilimpima presha, ikawa nzuri. Nilimpima mtoto, uzito mzuri. Bibi Haikaeli alitoka mwenyewe kuangalia jiko, jambo la bahati, nikauliza maswali ya moyo. Unalia bila sababu? Hapana. Una hofu isiyoelezeka? Hapana. Umewahi kutamani kujidhuru? Hapana. Alijibu upesi na kwa adabu, kama mwanafunzi aliyekariri. Kijani.

Nilikuwa nafunga mkoba aliponiuliza, bila kunitazama, "Sista, mtoto mdogo hivi akinyweshwa maziwa ya ng'ombe, anaishi?"

Nikamjibu kiuguzi: kwamba maziwa ya mama ndiyo yanayotosha miezi sita ya kwanza, na kama yanapungua tuna namna ya kumsaidia.

"Najua," alisema. "Lakini akinyweshwa, anaishi?"

Nilimwangalia. Alikuwa amempakata mtoto kwa uangalifu uliopita kiasi, kama mtu aliyeazimwa chombo cha jirani akaogopa kukivunja. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Mwishowe nikamuuliza kama anafikiria kwenda mahali.

"Niende wapi, sista? Mimi nimepumzishwa."

Bibi Haikaeli akaingia na kikombe cha mtori cha mgeni, tukaongea habari za mvua. Nilishuka kilima nikiwa na kijani kwenye mkoba na swali la maziwa kichwani.

Nilimpigia mratibu wetu, Godlisten, kijana mtaratibu mnayemfahamu wote. Alisikiliza. Akasema majibu ya mama huyo ni ya kijani. Akasema kliniki ya afya ya akili ina foleni ndefu ya wagonjwa ambao hali zao zinajulikana. Akasema pia tukimpeleka mama huko wakati yeye mwenyewe amekana, ukoo unaweza kutufungia milango ya kijiji kizima, na akina mama wengine tutawapoteza. Alikuwa sahihi katika kila alichosema, na hilo ndilo lililozidi kunitia hofu. Hata hivyo akanikubalia nirudi asubuhi kwa kisingizio cha kumpima mtoto upya.

Kisha nikampigia Mama Mmari. Yeye aliuliza jambo moja tu: nimemwacha na nani?

"Na mama mkwe wake."

"Mama mkwe anajua?"

"Hajui."

"Basi yuko peke yake," alisema. "Mpigie huyo mama sasa hivi."

Nikampigia Bibi Haikaeli. Sikuweza kumweleza yote. Kwenye karatasi ya ridhaa tuliahidi siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini, na mimi sikuwa na ushahidi wowote ila swali la maziwa. Nikamwambia nimemwona mzazi amechoka sana, nikamwomba asimwache peke yake hadi nifike. Aliudhika kidogo. Akasema mzazi wake hajaachwa peke yake tangu azae. Lakini akaahidi kulala chumba kimoja naye, na alilala. Mimi nililala macho wazi, nikiisikiliza mvua.

Asubuhi pikipiki ilishindwa kupanda kwa sababu ya utelezi, nikaiacha njiani nikapanda kwa miguu. Nilipokaribia nyumba nilisikia mtoto analia. Nilifurahi, nikidhani analia mikononi mwa mama yake. Nilimkuta kitandani, amefunikwa vizuri, mito imepangwa kumzunguka asianguke. Bibi Haikaeli alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Alisema Aneth ameenda chooni sasa hivi tu, ndiyo maana naye akaona akamue haraka.

Chooni hakuwepo. Jikoni hakuwepo. Ndala zake zilikuwa kizingitini.

Bibi Haikaeli alimfunga mtoto mgongoni, kanga ikamshinda, nikamsaidia kufunga. Nilisema tuwaite majirani. Akanishika mkono akanisihi tusipige kelele kwanza, watu watasema. Nikamwambia mama, waache waseme. Tukakubaliana kwamba yeye ashuke kuelekea barabarani, mimi nifuate mfongo, ule mfereji unaoleta maji shambani kutoka mtoni, na kama hatukumwona mara moja basi kijiji kizima kiitwe.

Ule mfongo unapita kati ya migomba, halafu unashika ukingo wa korongo. Mto ulikuwa umejaa. Niliusikia kabla ya kuuona, na nakumbuka niliomba rozari vipande vipande, nikianza na kuishia popote. Nyayo za miguu mitupu zilikuwa kwenye tope. Nilimkuta pale mfongo unapoanzia, ameketi juu ya jiwe, kanga imelowa imemshika mwilini, anatazama maji.

Sikukimbia. Mwili wote ulitaka kukimbia, nikauzuia. Nilimwita jina kwa sauti ya kawaida, nikaketi kwenye majani mbali kidogo, halafu nikasogea.

Aliuliza mbona nimekuja mapema. Nikasema nimekuja kumpima mtoto, jana mizani ilinichanganya. Akaniambia mtoto ameshanyonya, yuko kitandani, bibi yake hayuko mbali. Alikuwa amehesabu kila kitu.

Kuna wakati maneno ya kwenye kishikwambi hayasaidii. Nikamuuliza waziwazi, "Aneth, umekuja hapa kufa?"

Aliendelea kutazama maji. Nami nikakaa kimya, na sijawahi kukaa kimya kwa taabu kama ile.

"Nilitaka kupumzika," alisema.

"Na jana uliniambia hapana."

"Jana uliniuliza kama natamani kujidhuru. Sitamani. Naona tu mtoto atakuwa salama zaidi bila mimi."

Akaanza kueleza, taratibu. Kwamba hapati usingizi hata mtoto akilala. Kwamba kila anapombeba anamwona akimponyoka, anaona kichwa kikigonga sakafu, hadi mikono inakufa ganzi. Kwamba kila anayekuja kumpongeza anamwambia ana bahati, wenzake huko Mabogini wangemwonea wivu. Angeanzaje kulalamika, mtu analetewa nyama kila siku na mama wa mtu mwingine? "Nitamwambiaje mama kwamba chakula chake hakipiti kooni? Ataona simpendi. Na mimi nampenda."

Nilimwambia kwamba huo ni ugonjwa, una dawa, na unaletwa na uzazi kama vile presha inavyoletwa na uzazi. Nikamwambia nimewaona wanawake waliokuwa nao wakapona, na kwamba hakuna hata mmoja niliyemdhania kuwa mama mbaya. Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Niliuacha hapohapo, umenyooshwa, hadi bega likauma. Baadaye akaushika, mkono wa baridi kama wa mtu aliyeokotwa kwenye barafu, tukainuka. Njia nzima nilitembea upande wa korongo.

Kabla hatujafika nyumbani nilimuuliza kama naweza kumweleza mama mkwe. Alisema, "Mwambie wewe." Bibi Haikaeli alikuwa amesimama njiani, mtoto mgongoni ameshalala. Nikamweleza kwa Kiswahili, si kwa Kichagga changu cha kuchekesha, ili Aneth asikie kila neno linalosemwa juu yake.

Bibi Haikaeli hakulia wala hakufoka. Alimtazama mkwe wake kuanzia miguu yenye tope hadi kichwani.

"Nilimlisha," alisema. "Kila siku nilimlisha. Nilikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea, kwamba bila matunzo yake pengine tungefika mahali pabaya zaidi. Aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alichuchumaa kwenye njia ile, akachota maji ya mfongo kwa kiganja, akaanza kumwosha Aneth miguu.

Ilibidi tushuke hospitali mara moja, na hapo hofu nyingine ikaanza. Bibi Haikaeli aliniomba tuwaambie majirani kwamba mtoto ndiye mwenye homa. Usharikani wangesikia mkwe wake amepelekwa kwa daktari wa akili, wangemwita kichaa, na jina hilo lingebaki hata kwa mjukuu. Nilikubali. Siku ile nilihitaji gari kuliko nilivyohitaji ukweli. Tukapata gari dogo la kupeleka maziwa mjini, tukaketi kati ya madumu, kila jirani akimpa pole mtoto ambaye alikuwa mzima kuliko sisi sote.

Godlisten alikuwa ametangulia getini. Hakusema lolote kuhusu kijani. Alikuwa ameshaongea na daktari, ameshatafuta kitanda ambapo mama na mtoto hawatatenganishwa. Elibariki alikuwa mlimani kusikoshika simu. Wenzake walipeleka ujumbe kutoka kambi hadi kambi, akawaachia wageni mwongozaji mwingine, akashuka. Alifika wodini na buti za mlimani, ananuka moshi, midomo imepasuka kwa baridi. Alinivuta kando akaniuliza kama ni yeye aliyesababisha kwa kutokuwepo. Nikamwambia ugonjwa huu hauulizi nani yupo nyumbani. Akaingia, akaketi kando ya kitanda, na kwa kuwa hakujua aseme nini akaanza kumweleza mkewe hali ya hewa ya huko juu: upepo ulivyokuwa, theluji ilivyoanguka. Aneth alimsikiliza hadi akasinzia.

Msidhani ilikuwa hadithi ya kunywa dawa na kupona. Ilichukua muda mrefu, na kulikuwa na kurudi nyuma. Aliwahi kuacha dawa kwa sababu mtu alimwambia zitamharibu mtoto, akaanza upya. Mama yake alipanda kutoka Mabogini akakaa naye, wakawa wanaongea lugha yao mchana kutwa, na Bibi Haikaeli aliyekuwa haelewi hata neno aliketi nao akichambua maharage. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa mazungumzo, na nadhani ilimfundisha jambo.

Mimi niliishi na simu mkononi. Jumapili moja nilipiga tangu nilipotoka Misa, simu ya Aneth haikupatikana, wala ya Bibi Haikaeli. Nikapanda Machame na nguo za kanisani, nikipanga maneno ya kumwambia Elibariki. Nilikuta nyumba kimya na watu wameketi uani. Bibi Haikaeli aliweka kidole mdomoni. Walikuwa wamezima simu zote. Aneth alikuwa amelala tangu asubuhi, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu azae, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nikaketi nao. Tuliketi pale watu wazima tukilinda usingizi wa mtu mmoja kama walinzi wa benki.

Godlisten alipeleka jambo lile kwenye kikao cha watafiti bila kutaja jina. Walibadilisha maneno ya baadhi ya maswali, na mwishoni wakaongeza moja lisilo na alama ya kijani wala nyekundu: kuna jambo ungependa kuniuliza mimi? Najua wapo kati yenu wanaolisoma haraka huku wakifunga mkoba. Nawaomba mliulize mkiwa mmekaa, mkiwa mmenyamaza. Nimeulizwa mengi kupitia swali hilo. Mengi yalikuwa ya kawaida, kuhusu chango na chuchu. Mengine yalinikosesha usingizi, na yapo mawili matatu ambayo hata leo nikiyakumbuka nasimama kwanza.

Miaka ilipita. Nikiwa nakaribia kustaafu, Aneth alipata mimba ya pili, na sisi sote tuliomfahamu tukaanza kuogopa kimyakimya, kila mtu akidhani anaogopa peke yake. Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri. Nilianza kulegeza moyo, jambo ambalo katika kazi hii si la busara.

Asubuhi moja simu yangu iliita.

"Sista," alisema Aneth, "imeanza tena. Ile ya kuona mtoto ananiponyoka. Nimemwambia mama. Tunashuka."

Nilikwenda kuwasubiri kliniki. Nilikuwa nimeshazoea kuwafuata akina mama. Kumsubiri mmoja aje mwenyewe kulinitisha zaidi. Kila gari lililopita getini nililitazama hadi likapotea. Nilijiuliza kama barabara imekatika, kama wamekutana na mtu akawageuza, kama amebadili mawazo karibu na korongo. Hatimaye wakashuka: Bibi Haikaeli, amezeeka, anashika fimbo, binti mkubwa amevaa sweta la shule, na Aneth, macho mekundu, amembeba mtoto.

Kwenye benchi la kliniki alikuwepo mama mmoja wa usharika wao, aliyekuja kwa shida zake. Aliwapa pole, akauliza kama mtoto ana homa. Nikamwona Bibi Haikaeli anashusha pumzi. Foleni yote ilikuwa inasikiliza, kama foleni zinavyofanya.

"Mtoto ni mzima," alisema. "Mgonjwa ni mkwe wangu. Ana ugonjwa wa uzazi, wa moyo kuelemewa. Aliwahi kuupata akapona. Na sasa amekuja kutibiwa."

Yule mama alisogea kwenye benchi, akavuta na mkoba wake, akampa Aneth nafasi ya kukaa karibu yake.

Jina lilipoitwa, nilisimama kwa mazoea ili niingie naye. Aneth alitikisa kichwa. Alinipa mtoto, akafunga kanga yake vizuri, akaingia na kufunga mlango. Tukabaki nje, mimi na Bibi Haikaeli na watoto wawili. Nilikuwa nahesabu pumzi za yule mdogo kifuani kwangu, kwa hofu tu, bila sababu. Baada ya kitambo tukaisikia sauti ya Aneth mle ndani, chini lakini bila kukatika, anajibu maswali ambayo safari hii sikuyauliza mimi.